Umefikisha 18, sasa utembee na kitambulisho gani?

Haya, umefika 18, au mwanao ndo amefika, na ghafla kila mlango anaulizwa kitambulisho. Wengi hapo hapo wanakimbilia pasipoti, si ndo kubwa lao, nani ataikataa? Mimi nasema pasipoti iache nyumbani. Mdogo wangu wiki ya kwanza tu baada ya birthday yake aliitia mfuko wa nyuma wa jinzi akaenda zake disko, saa nane usiku anajipapasa haipo, na safari ilikuwa imebaki wiki tatu. Tukaripoti imepotea. Siku nne baadae mtu akaileta, imekunjika kidogo lakini nzima kabisa, na haikutusaidia kitu, maana pasipoti ukisharipoti imepotea inafutwa kwenye mfumo na haifufuki hata uwe umeishika mkononi. Ikabidi kuomba nyingine, safari wenzake wakaenda bila yeye.

Toka siku hiyo mtu akiniuliza achague kipi namuuliza kwanza: hiki ukikipoteza leo usiku, kesho asubuhi utakwama wapi? Kama jibu ni safari, chuo, benki, basi hicho ni cha kukaa kabatini. Cha kutembea nacho kiwe kile ambacho kikipotea unanuna tu afu unaomba kingine.

Na kuna ukubwa pia. Kijitabu cha pasipoti ni milimita 125 kwa 88, hakiingii kwenye waleti, lazima kiishie mfukoni au kwenye kibegi, na ndo kinapodondokea hapo. Kadi nyingi za vitambulisho na leseni zimekatwa kwa kipimo kimoja na kadi ya benki, milimita 85.6 kwa 54 hivi, zinakaa kwenye waleti kama zimezaliwa humo. Kwahiyo kama nchi unayoishi inatoa kitambulisho cha taifa cha kadi, swali limeisha, chukua hicho. Lakini angalia pia sheria ya hapo ulipo, kuna nchi kitambulisho cha taifa ndo mzizi wa kila kitu, kukipata kingine ni kuzungushwa miezi, hapo tafuta kadi nyingine ya kutembelea.

Hiyo nyingine mara nyingi ni leseni. Usiseme "mi siendeshi", Uingereza vijana kibao wana leseni ya mwanafunzi wa udereva na hawajawahi kugusa usukani, unaruhusiwa kuiomba ukiwa na miaka 15 na miezi 9, na wanaitumia kuonyesha umri tu. Kule pia kuna kadi maalum za umri zenye hologramu (ile chapa inayometameta) ya PASS, mpango wa huko wa kuthibitisha umri, hazina kazi nyingine yoyote, na kwa mtazamo wangu huo ndo uzuri wake, ikipotea imepotea kadi ya umri basi. Marekani majimbo yanatoa kadi ya utambulisho kwa wasioendesha, inafanana na leseni ila haikupi ruhusa ya barabarani. Tena huko majimbo mengi kadi ya aliye chini ya miaka 21 inachapishwa kwa kusimama wima badala ya kulala, mtu wa kaunta anajua umri wako kabla hata hajasoma tarehe. Sasa ukishafika 21 ukaendelea na ile ya wima utasumbuliwa kila siku, nenda kabadilishe.

Hapo ndo nikumbushe, 18 haifungui milango yote. Marekani pombe ni 21. Japani utu uzima ulishushwa toka 20 hadi 18 mwezi wa Aprili 2022 lakini pombe na sigara zikabaki 20, kwahiyo unaweza kuwa mtu mzima kisheria na bado ukaambiwa rudisha hiyo chupa. Na waliozaliwa tarehe 29 Februari poleni, ukijumlisha miaka 18 mwaka unaoangukia huwa hauna tarehe 29, kila nchi inaamua kivyake, Uingereza unahesabiwa umefika tarehe 1 Machi, New Zealand ni 28 Februari.

Sasa vitu ambavyo watu wanabeba na havifanyi kazi. Kadi ya chuo, nyingi hazina tarehe ya kuzaliwa, zina jina na picha na namba ya usajili, zinasema unasoma tu, na darasani kuna wa miaka 17 na wa miaka 40. Cheti cha kuzaliwa kina tarehe ila hakina sura yako, kinasema kuna mtu alizaliwa siku hiyo, hakisemi ndo wewe uliyesimama hapo mlangoni. Hicho ni cha kuombea vitambulisho vingine, kilinde kama yai. Fotokopi, picha ya kadi kwenye simu, skrinshoti, karibu kila mahali utarudishwa. Na jamani usiende kuilamineti kadi ili idumu! Hologramu na maandishi yaliyoinuka ndo mkaguzi anayoyapapasa kwa kidole, ukiyafunika na plastiki kadi halisi inaanza kunuka ugushi.

Kabla ya kuamua hii ndo yangu, ikague kama baunsa, na baunsa ana sekunde tano na taa mbovu. Picha inafanana na wewe wa sasa? Pasipoti ya mtoto kwa nchi nyingi ni ya miaka mitano, kwahiyo mtu wa 18 anaweza kuwa na ile aliyopigwa picha akiwa na 13, mashavu ya mtoto, na sasa ana ndevu. Imeisha muda? Unaweza kusema tarehe ya kuzaliwa haichachi, na ni kweli, ila sehemu nyingi kadi iliyoisha muda hawaitaki, usibishane nao. Jina linalingana na nyaraka zako zingine, herufi kwa herufi? Tarehe je, imeandikwaje? 03/08/2007 kwa Mmarekani ni Machi 8, kwa wengine wengi ni tarehe 3 Agosti, ukiwa ugenini na ndo kwanza umefika umri huo miezi hiyo mitano inaweza kukulaza nje. Kadi iliyoandika mwezi kwa herufi inakuokoa hapo.

Kuna anayefikiria kukwangua namba za tarehe ya kuzaliwa kidogo. Chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti kuna mistari miwili ya herufi 44 kila mmoja, humo tarehe yako imeandikwa mwaka, mwezi, siku, afu inafuata tarakimu moja ya kuhakiki. Aliyezaliwa 25 Machi 2007 ni 070325 ikifuatiwa na 3. Hiyo 3 haikutoka hewani, kila tarakimu inazidishwa kwa 7, 3, 1 halafu tena 7, 3, 1, unajumlisha unapata 53, unachukua ya mwisho. Ukibadili 07 iwe 05 jumla inakuwa 47, kwahiyo na ile 3 ingebidi iwe 7, na mwisho wa mstari kuna tarakimu nyingine inayohakiki na hizo pamoja, na kama ni ya chipu basi chipu inasema yake. Mashine inaona kabla mtu hajainua macho. Kuazima kadi ya kaka au dada mnayefanana naye ni hivyohivyo, nchi nyingi ni kosa kwako na kwa aliyekuazima, na kadi ikinyang'anywa ni yake, sasa kamwelezee.

Kadi rasmi ya kwenye simu inakuja kwa kasi. Kuna kiwango cha kimataifa cha leseni ya simu, ISO 18013-5, kilitoka 2021, na kizuri chake ni kwamba simu inaweza kujibu "amezidi 18, ndiyo" bila kutoa tarehe yako, jina wala anwani ya kwenu. Ukiwa binti na mtu wa mlangoni anakaa na kadi yako muda mrefu akiisoma unakoishi, utaelewa kwanini naisifia. Ila betri inaisha, na sehemu nyingi bado hawana kifaa cha kuisoma, kwahiyo kadi ya plastiki iwepo.

Mtandaoni ndo uwe mkali zaidi. Tovuti ikikutaka upakie kitambulisho kuthibitisha umri jiulize kwanza ni nani hao, na kama kuna njia nyingine wanakubali itumie. Ikibidi kutuma kopi, andika juu ya picha imetumwa kwa nani, ya kazi gani na tarehe, ziba namba za kitambulisho kama hawazihitaji. Serikali ya Uholanzi imetengeneza hadi apu ya kazi hiyo, KopieID, ila hata ile ya kuchorea picha kwenye simu yako inatosha.

Ukishachagua, siku hiyohiyo andika namba ya kadi pembeni, sehemu ambayo sio waleti, maana ikipotea utaulizwa namba na hutoikumbuka. Na kabla hujakimbia kuripoti pasipoti imepotea pindua kwanza mifuko yote, chini ya siti za gari, kikapu cha nguo chafu. Kama imeibiwa au umeshaitafuta kweli haipo ripoti haraka bila kusubiri, ila ukisharipoti ikatokea, irudishe kwa walioitoa, usijaribu kusafiri nayo, utazuiwa palepale kaunta ya ndege na begi lako limeshapimwa uzito.