Jinsi ya Kukiomba Chama cha Siasa cha Uingereza Taarifa Kilizo Nazo Juu Yako

Uchaguzi unapokaribia nchini Uingereza, barua za vyama huanza kuingia mlangoni zikiwa na jina lako kamili, na mwanakampeni anayebisha hodi huwa ameshika simu au karatasi yenye anwani yako na alama fulani pembeni mwake. Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki huzitupa barua hizo bila kujiuliza chama kimetujuaje na kimeandika nini juu yetu. Sheria inakupa haki ya kuuliza, bila malipo, na chama kinalazimika kujibu. Haki hii haitegemei uraia wako wala aina ya viza uliyo nayo, na anayeombwa hapa ni chama cha siasa, si Wizara ya Mambo ya Ndani. Nalisema mapema kwa sababu hofu ya kujiingiza kwenye macho ya Wizara hiyo ndiyo inayowazuia watu wengi.

Kwanza ujue ni kipi chama kinacho kihalali. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, wakiwemo wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, anayeishi Uingereza kwa kibali halali anaweza kujiandikisha na kupiga kura hata ya Bunge la Westminster. Mwenzetu wa Kongo au Burundi ambaye hajapata uraia wa huku hana kura hiyo, lakini akiwa Scotland au Wales anaweza kupiga kura ya serikali za mitaa na ya bunge la huko. Ukishaingia kwenye daftari la wapiga kura, vyama vina haki ya kupata nakala kamili ya daftari hilo, na baada ya uchaguzi vinaweza kupata nakala iliyotiwa alama, inayoonyesha nani alijitokeza kupiga kura. Nakala hiyo haionyeshi ulimchagua nani, kwa kuwa kura yenyewe ni siri.

Mpaka hapo hakuna la kulalamikia. Linalostahili kuulizwa ni kile ambacho chama kinakiongeza juu ya daftari: taarifa zilizonunuliwa kwa kampuni za biashara, na makisio kuhusu umri wako, kipato chako na mwelekeo wako wa kisiasa. Mnamo Novemba 2020 ofisi ya Kamishna wa Taarifa (ICO), inayosimamia sheria za ulinzi wa taarifa, ilitoa ripoti ya ukaguzi wa vyama saba vya siasa, na mojawapo ya mambo yaliyobainika ni kwamba chama cha Conservative kilikuwa kimenunua taarifa zilizokisia asili na dini za wapiga kura kwa kuyatazama majina yao. Taarifa hizo zilifutwa baadaye. Kwa mtu anayeitwa Mwanaisha, Wanjiru au Niyonzima, jambo hilo si dogo, kwa maana jina lake huonekana kabla yeye mwenyewe hajafungua kinywa.

Hatua ya kwanza ya ombi lenyewe ni kumtambua unayemwomba, na hapa ndipo watu hupotea. Makao makuu ya chama ni taasisi moja, na ofisi ya mbunge wako ni nyingine kabisa mbele ya sheria, hata kama mbunge huyo ni wa chama hicho hicho. Ikiwa uliwahi kumwandikia mbunge kuhusu viza ya mkeo au nyumba ya halmashauri, barua hizo ziko kwa mbunge, na utahitaji kumwandikia yeye ombi la pekee. Anwani ya kutuma ombi kwa chama utaipata kwenye ukurasa wa sera ya faragha katika tovuti yake, ambako kwa kawaida hutajwa afisa wa ulinzi wa taarifa pamoja na barua pepe yake.

Kisha andika ombi. Sheria inaruhusu hata ombi la mdomo, lakini mimi nakushauri uandike barua pepe, ili tarehe ibaki na ushahidi uwepo. Huhitaji wakili wala fomu maalumu. Iandike kwa Kiingereza chepesi, useme kwamba unaomba taarifa zako binafsi kwa mujibu wa Ibara ya 15 ya UK GDPR, yaani kanuni kuu ya ulinzi wa taarifa nchini humo, inayosomwa pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa ya mwaka 2018. Usiishie kwenye maneno "taarifa zangu zote", kwa sababu ombi pana mno huzaa jibu jembamba. Taja kwamba unataka nakala ya kila kilichoandikwa juu yako, pamoja na alama au makadirio yoyote ya umri, asili, dini, kipato na chama unachodhaniwa kukiunga mkono. Uliza kila taarifa ilitoka wapi, inatumika kwa kazi gani, imepewa nani, zikiwemo kampuni za mitandao ya kijamii zinazorusha matangazo ya kampeni, na itatunzwa kwa muda gani.

Majina yetu yanahitaji uangalifu wa ziada. Toa jina lako kama lilivyo kwenye daftari la wapiga kura, halafu ongeza namna nyingine zote linavyoandikwa: Hamisi na Khamis, Fatuma na Fatma, au majina matatu yaliyogeuzwa mpangilio hadi jina la babu likawa ndilo la ukoo. Weka anwani ya sasa na ulizowahi kuishi, pamoja na namba za simu na barua pepe ulizowahi kuwapa. Mara ya kwanza niliandika herufi moja tofauti na iliyo kwenye daftari, nikajibiwa kwamba hawana chochote juu yangu, ilhali barua yao yenye jina langu ilikuwa juu ya meza yangu ya jikoni.

Chama kinaweza kukuomba kitambulisho ikiwa kina shaka ya kweli kuhusu wewe ni nani. Usitume pasipoti halisi. Nakala inatosha, na unaweza kuziba sehemu zisizohusika. Tuma mapema, kwa sababu wakishakuomba kitambulisho kwa haki, siku hazianzi kuhesabiwa mpaka wakipokee.

Muda wa kujibu ni mwezi mmoja wa kalenda. Ombi likipokelewa tarehe 3 Septemba, jibu linatakiwa kufika kabla ya tarehe 3 Oktoba kwisha, na siku hiyo ikiangukia wikiendi au sikukuu, husogezwa hadi siku ya kazi inayofuata. Ombi likiwa gumu wanaweza kujiongezea miezi miwili, lakini lazima wakueleze hivyo, na sababu yake, ndani ya ule mwezi wa kwanza.

Jibu likija, lisome safu kwa safu. Langu lilikuwa jedwali la kurasa mbili: jina, anwani, chaguzi nilizojitokeza, kisha safu mbili zenye namba kati ya 0 na 100 zisizo na maelezo yoyote. Umri wangu walikuwa wamekisia, wakanizidishia miaka kumi na mmoja. Niliwaandikia tena kuuliza namba zile zinapima nini, nao wakajibu kwamba moja ni uwezekano wa mimi kupiga kura na nyingine ni uwezekano wa kukiunga mkono chama chao. Swali hilo la pili ni haki yako pia, basi usione haya kuliuliza.

Ukiona kosa, dai lisahihishwe. Ukitaka barua za kampeni zenye jina lako zikome, waandikie kwamba unapinga taarifa zako kutumiwa kukutafuta kwa matangazo. Pingamizi hilo halina mjadala, wanatakiwa kuacha. Hata hivyo hutaweza kujiondoa kwenye nakala kamili ya daftari wanayopewa, na kipeperushi kisicho na jina kitaendelea kuingia mlangoni.

Mwezi ukipita kimya, au jibu likiwa pungufu, kwanza kilalamikie chama chenyewe kwa maandishi na utaje tarehe ya ombi lako. Wasiporekebisha, peleka malalamiko kwa ofisi ya Kamishna wa Taarifa, kupitia tovuti yake, bila malipo. Usicheleweshe: ofisi hiyo inataka kusikia kutoka kwako ndani ya miezi mitatu tangu mawasiliano yenu ya mwisho ya maana na chama. Ambatisha ombi la awali, uthibitisho wa kupokelewa na majibu yote. Ipo pia njia ya mahakama, ambapo jaji anaweza kukiamuru chama kitii, ila hiyo ina gharama, na kabla ya kuiendea ni vyema upate ushauri wa bure katika ofisi ya Citizens Advice iliyo karibu nawe.