Siku ya kupokea vitu vya kale kwenye makumbusho madogo

Makumbusho yaliyo ndani ya nyumba ya kale, kama Boma la Iringa la enzi ya Wajerumani au jumba dogo la Kalenga karibu na mji huo, huwa na chumba kimoja cha ghala na watumishi wachache. Lakini wenye vitu wanaishi jirani. Siku ya kupokea vitu huwaita walete kigoda cha babu, picha za harusi, mbeta ya kugemea ulanzi (pombe ya mianzi), kikapu cha milulu. Kitu kinaweza kusubiri mwaka mzima kabla ya kufutwa vumbi. Maelezo yake huondoka na mwenye nacho jioni ile ile. Kwa hiyo mipango yote ya siku hiyo izunguke uandikaji.

Chagueni Jumamosi kati ya Juni na Agosti. Mavuno yamekwisha, wazee wana nafasi, na hakuna mvua. Nyumba nyingi za kale zimeezekwa bati, na mvua ya Januari ikipiga bati hakuna simu itakayorekodi sauti ya mtu. Anzeni saa nne asubuhi, baridi ikiwa imepungua, na msiangukie siku ya mnada. Tangazo lipite kwa wenyeviti wa mitaa, makanisani na misikitini wiki mbili kabla, nalo litaje pia vitu msivyopokea.

Hivyo ni vitatu, na ni vya kisheria. Gobore, hata lililokufa, lipelekwe polisi. Ngozi ya chui, pembe za ndovu na mengineyo ya porini ni nyara za serikali. Kuwa nazo bila kibali ni kosa, na makumbusho hayasamehewi kwa nia njema. Tatu, zana za mawe za kale kama zile za Isimila karibu na Iringa, na chochote kilichofukuliwa ardhini: uchimbaji unahitaji kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na jiwe lililotolewa mahali pake limeshapoteza nusu ya habari yake. Andikeni jina la mahali, mwambieni aliyeliona asichimbe zaidi, kisha toeni taarifa Idara ya Mambo ya Kale.

Watu watano wanatosha: wa kukaribisha na kugawa namba za foleni, wa kuuliza, wa kuandika, wa kupiga picha, na wa kutunza vitu vilivyokwisha kusajiliwa. Anayeuliza asiandike. Akishika kalamu, mzee hungoja kalamu imalize, na habari hukatika katikati. Aanze na shikamoo au kamwene ya Kihehe, aulize ukoo na kijiji, ndipo aguse kitu. Simu ya kurekodi iwekwe hali ya ndege, juu ya kitambaa kilichokunjwa, karibu na msemaji. Jambo la kwanza kwenye kila rekodi liwe jina lake, tarehe, na kauli yake mwenyewe kwamba amekubali kurekodiwa.

Swali la «mwaka gani?» mara nyingi halijibiki. Tumieni ngazi ya matukio ambayo kila mtu wa mkoa wa Iringa anayajua: kurudi kutoka Ujerumani kwa fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe (1954), Uhuru (1961), Azimio la Arusha (1967), kifo cha Mkuu wa Mkoa Dakta Kleruu kule Ismani (Desemba 1971), kuhamia vijiji vya Ujamaa (katikati ya miaka ya 1970), vita vya Kagera (1978–79). Kwa Makambako na Mbeya ongezeni ujenzi wa reli ya TAZARA, 1970 hadi 1975. Mama akisema kikapu kilisukwa «tumeshahamia kijijini, vita bado», mmeshapata muda wa miaka michache tu. Andikeni maneno yake yalivyo, kisha makadirio yenu pembeni. Msiyachanganye.

Kila kitu kipate namba siku hiyo hiyo. Mfumo rahisi ni mwaka, mletaji, kitu: 2025.14.3 ni kitu cha tatu cha mletaji wa 14. Namba iingie kwenye kaunta buku yenye jalada gumu. Karatasi za faili huchomoka. Juu ya kitu fungeni ukanda wa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa, ulioandikwa kwa penseli. Selotepu hung'oa rangi, pini za stepla huota kutu, rababendi huyeyuka na kuganda, na wino wa makapeni hupenya picha hadi usoni mwa bibi harusi. Nyuma ya picha tumieni penseli laini ya 2B, pembeni, juu ya meza ngumu.

Anayeona huu ni urasimu akumbuke Bremen, Ujerumani. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika Edward Twining alikwenda kwenye makumbusho ya huko kutafuta fuvu la Mkwawa, akalazimika kulichagua kwa vipimo vya kichwa akilinganisha na ndugu zake, maana mafuvu yalikuwa mengi na hakuna lililosema jina lake.

Sehemu inayoleta ugomvi ni umiliki. Kijana analeta mkuki wa babu, anasaini, anaondoka. Baada ya miezi mitatu baba mkubwa anafika akiutaka. Kwa mali ya ukoo, saini ya mtu mmoja haitoshi. Fomu iwe na nakala mbili, isainiwe na watu wawili wa familia, na mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji awe shahidi. Ichagueni njia moja: kukabidhi moja kwa moja, au kuazimisha kwa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa. «Tutunzieni tu» isiyo na tarehe msiikubali hata kama kitu ni kizuri kiasi gani. Familia ikisita, pigeni picha, rekodini maelezo, kitu kirudi nyumbani. Hakuna kilichopotea.

Vitu vya miti visiingie ghalani moja kwa moja. Viwekeni wiki mbili juu ya karatasi nyeupe. Asubuhi mkikuta unga laini chini ya kigoda, kina bungua (wadudu watoboao miti) walio hai. Kifungeni ndani ya mfuko wa nailoni, toeni hewa, kiwekeni kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika hadi baridi ikalegea, hesabuni upya. Kikitoka, kikae ndani ya mfuko siku nzima ili umande ugande nje ya nailoni, usilowanishe mti. Ngoma iliyowambwa isiingie humo. Ngozi ikikaza hupasuka.

Picha ambazo familia haitaki kuziacha zipigwe kwa simu karibu na dirisha lenye kivuli, bila fleshi, simu ikiwa sambamba na meza, pande zote mbili. Wekeni nakala tatu, moja nje ya jengo. Kabla mwezi haujaisha, mpelekeeni kila mletaji nakala iliyochapishwa ya picha yake, na mwende nayo kwa miguu: hapo ndipo jirani atakapotoa boksi lake uvunguni.