Kabla ya Kuwasha Kamera: Maandalizi ya Kuwarekodi Wanafunzi Wanaojifunza Kuzungumza Mbele ya Watu

Kaa na wanafunzi wa Kidato cha Tatu chini ya mwembe wakati wa mapumziko, uwasikilize wakisimulia mechi ya jana. Sauti inapanda na kushuka, mikono inachora mpira ulivyopita, na wasikilizaji wametega masikio. Kisha mwite mmoja wao mbele ya darasa asome risala aliyoiandika kwa mkono wake. Utadhani ni mtu mwingine: macho kwenye karatasi, mabega yamejikunja, maneno yanakimbizana. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na jambo hili limeninyima usingizi kuliko makosa yote ya sarufi. Kusema mtoto anajua. Asichokijua ni namna anavyoonekana na kusikika kwa anayemsikiliza.

Kumrekodi kwa simu kunampa kioo, na wenzake wakimpa mrejesho anapata macho mengine matatu manne. Njia hii ninaiamini kwa moyo wote. Lakini nimeona pia kamera iliyowashwa kwa pupa ikimfunga mdomo mtoto aliyekuwa anaanza kufunguka, na kila mara kasoro ilikuwa katika mambo yaliyopaswa kumalizwa siku kadhaa kabla.

La kwanza ni hatima ya rekodi. Kabla hujamrekodi mwanafunzi yeyote, uwe na jibu la maswali haya: nani ataiona, itakaa kwenye simu ya nani, itafutwa lini? Wakati mmoja rekodi ya binti mmoja aliyekwama katikati ya hotuba ilitoka kwenye simu ya mwalimu, ikaingia kundi la WhatsApp, ikazunguka hadi mitaani kwao. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mtu aliona ni kichekesho cha kawaida. Binti yule hakunyoosha tena mkono darasani hadi muhula ukaisha. Tangu siku hiyo nina karatasi fupi inayokwenda kwa wazazi, imeandikwa kwa Kiswahili cha kawaida: tutamrekodi mwanao kwa dakika moja na nusu, wataitazama yeye na wenzake watatu wa kikundi pamoja na mwalimu, na itafutwa siku ya mwisho wa muhula mbele yake. Mzazi anasaini. Mtoto naye anaulizwa, kwa sababu saini ya mzazi haiondoi hofu ya mtoto. Sheria nayo iko upande huu: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019 inayotaka ridhaa ya mzazi au mlezi taarifa zinapokuwa za mtoto. Anayekataa picha arekodiwe sauti peke yake. Anayekataa vyote viwili azungumze mbele ya kikundi bila simu, na asiulizwe sababu.

Vifaa havihitaji maneno mengi. Shule zetu nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo zitatumika za walimu, na simu ya mwalimu ina ujumbe wake, picha zake na miamala yake. Ukipata simu ya zamani isiyo na laini, hiyo ndiyo bora. Ukikosa, toa laini au weka hali ya ndege. Simu ikiita katikati ya hotuba rekodi inaweza kukatika na mtoto akalazimika kuanza upya. Chaji usiku uliotangulia. Pima nafasi kwenye memori: sauti hula kama megabaiti 1 kwa dakika, lakini video, hata ya ubora wa kati wa 720p, inaweza kula 60 au zaidi. Wanafunzi 60 kwa dakika moja na nusu kila mmoja ni zaidi ya gigabaiti 5.

Muda ndio unaowakatisha tamaa walimu wengi, na ninawaelewa. Darasa la wanafunzi 60, kila mmoja akipewa dakika 3, ni dakika 180: vipindi vinne na nusu vya dakika 40, na hapo hakuna aliyepata mrejesho hata wa neno moja. Ndiyo maana nimeshikilia dakika moja na nusu, na vikundi vya watu wanne. Mmoja anazungumza mbele ya wenzake watatu huku akirekodiwa. Anachukua simu, anakwenda pembeni na kujitazama mara mbili, jumla dakika tatu. Huku nyuma wenzake wanaandika walichokiona. Kisha wanakaa pamoja dakika tano. Hesabu yake kwa kikundi kizima ni kama dakika 40. Ukiwa na simu tatu, kipindi pacha kimoja, yaani viwili vya dakika 40 vilivyounganishwa, kinamaliza vikundi sita, na darasa lote linakwisha kwa vipindi pacha vitatu, mradi vikundi vinavyosubiri vina kazi ya kuandika. Panga hesabu hii mapema na mkuu wa taaluma, kwa sababu ukiianza bila ratiba utaishia kurekodi nusu ya darasa, na nusu iliyobaki itajiona imesahauliwa.

Kabla ya siku yenyewe, waeleze wanafunzi kwa nini sauti zao zitawashangaza. Mtu akizungumza hujisikia kwa njia mbili: sauti inayopita hewani na kuingia sikioni, na ile inayopita ndani ya mifupa ya kichwa, ambayo huifanya isikike nzito zaidi. Simu hunasa ya hewani tu. Ndiyo maana karibu kila mtu husema, "Hii si sauti yangu, mbona nyembamba hivi?" Watafiti Philip Holzman na Clyde Rousey waliliandika jambo hili tangu mwaka 1966. Mwanafunzi asiyeambiwa mapema huona aibu, akadhani siku zote amekuwa akisikika vibaya; aliyeambiwa hutabasamu na kuendelea na kazi.

Waeleze na hili. Mwaka 2003 wanasaikolojia Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich wa Marekani walionyesha kuwa mzungumzaji hudhani hofu yake inaonekana wazi kuliko inavyoonekana kweli. Moyo unadunda, yeye anahisi ukumbi mzima unausikia. Wasikilizaji hawana habari. Kilichonivutia zaidi ni kwamba waliodokezwa jambo hilo kabla ya kusimama walizungumza vizuri zaidi. Ni maelezo ya dakika mbili, hayahitaji umeme wala bando. Na baadaye mtoto anapojitazama anajithibitishia mwenyewe: pale nilipodhani nimetetemeka mwili mzima, naona nimesimama tu.

Sasa mrejesho wenyewe, ambao ndio wenye mitego mingi. Ukiwaachia wanafunzi waseme tu, utapata mawili: "Amejitahidi, tumpigie makofi ya kilo," au kicheko. Makofi ni mazuri, yapigwe, ila hayamwambii mtu arekebishe nini. Kwa hiyo kabla ya siku ile kila msikilizaji apewe kazi moja, moja tu. Wa kwanza anaangalia macho: yalikuwa kwa watu au kwenye karatasi, na yaliwafikia waliokaa pembeni? Wa pili anasikiliza mwendo: alikimbia wapi, alinyamaza wapi, na zile "yaani", "eee", "kwa hiyo sasa" zilijitokeza ngapi. Wa tatu anaandika, kwa sentensi moja, mzungumzaji alitaka kutuambia nini. Hii ya tatu ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Msikilizaji akiandika jambo ambalo mzungumzaji hakulikusudia, tatizo liko kwenye hotuba yenyewe, si kwenye mikono wala sauti, na hakuna kioo kingeonyesha hilo.

Wafundishe pia namna ya kuanza sentensi. Ninawapa mianzo mitatu ubaoni: "Nilikuelewa vizuri uliposema…", "Ulinipoteza pale…", "Nakuomba urudie sehemu ya…". Kila moja inamlazimisha msemaji ataje mahali. "Huna ujasiri" ni hukumu, haina dawa. "Ulipofika kwenye sababu ya pili ulishusha sauti, sikusikia mwisho" mtu anaweza kuirekebisha jioni ile ile. Na aliyezungumza ndiye aanze kusema. Akishajitazama, ataje mwenyewe jambo moja lililomfurahisha na moja analotaka kulibadilisha, ndipo wenzake wafuate. Aliyekwisha kulitaja kosa lake haumii akilisikia tena kwa mwingine.

Kubalianeni kabla kuhusu lafudhi. Wapo wanaosema "kura" wakimaanisha "kula", au "rakini" badala ya "lakini", kwa sababu lugha ya nyumbani imewalea hivyo. Darasa likicheka hapo, kazi yote imekwisha. Kanuni ninayoiweka ni kwamba lafudhi hutajwa pale tu ilipotupotezea maana, tena kwa mwanzo ule ule wa "Ulinipoteza pale". Kwa sababu hiyo hiyo naona rekodi ya kwanza iwe kwa Kiswahili, hata kama lengo la mwisho ni mdahalo wa Kiingereza. Hofu ya kusimama na hofu ya lugha zikibebwa pamoja siku ya kwanza, hutajua ni ipi iliyomwangusha.

Kuna na mambo ya chumba. Mzungumzaji asisimame dirisha likiwa mgongoni, atatoka kivuli kitupu. Simu iwekwe juu ya rundo la vitabu kwenye dawati, usawa wa kifua, hatua tatu hivi kutoka kwake. Vikundi vikae mbalimbali, kimoja hata nje kivulini, maana darasa la bati lisilo na dari huvuruga sauti. Msimu wa mvua uwe na siku ya akiba.

Mada iwe ambayo mtoto anaijua: jinsi ya kupika ugali usio na mabonge, kwa nini kisima cha mtaani kwao kilikauka, shangazi aliyemlea. Andiko zima libaki nyumbani, aje na kipande cha karatasi chenye maneno matano au sita. Na usimhesabie idadi ya maneno kwa dakika kwa kipimo cha Kiingereza. "Hatutawaambia" kwetu ni neno moja, kwao ni sentensi.

Wiki moja kabla ya kuanza, jirekodi wewe mwalimu. Simama mbele yao, zungumza dakika moja na nusu, ujitazame, kisha uwape wanafunzi watatu zile kazi tatu na mianzo ile mitatu wakupe mrejesho darasa zima likisikiliza. Pokea bila kujitetea. Wakiishia kwenye "Ulikuwa vizuri sana, mwalimu," ujue bado wanaogopa. Rudia siku nyingine na mada nyingine. Siku mmoja wao atakapokuambia, "Mwalimu, ulinipoteza pale ulipogeukia ubao ukaendelea kuongea," mshukuru, irudie sehemu hiyo ukiwa umewatazama, kisha panga vikundi.