Somo: Ndege inavyojiripoti yenyewe juu ya bahari (ADS-C)

Wakuu, somo nililoahidi ndilo hili. Katikati ya bahari hakuna rada, na redio ya kawaida ya ndege (VHF) ukiwa futi 35,000 inakufikisha kama maili 200 tu kutoka pwani. Zamani mzigo wote ulikuwa wa HF, redio ya masafa marefu: unasoma latitudo na longitudo huku redio inakwaruza, mtu wa redio anaandika, ndipo zinamfikia mwongozaji wa ndege aliye chini. Tarakimu moja ikisikika vibaya, ndege inachorwa kwingine. ADS-C hutuma habari hizo kama data, mara nyingi kupitia setilaiti za Inmarsat au Iridium.

Hatua ya 1: Mpango wa safari. Matatizo mengi huanzia hapa, rubani akiwa bado yuko chini. Kipengele cha 10 (vifaa vya ndege) kiwe na D1, alama ya ADS-C, pamoja na J5 kwa Inmarsat au J7 kwa Iridium. Namba ya safari (kipengele cha 7) na usajili baada ya REG/ (kipengele cha 18) vilingane na utakavyojitambulisha angani. Mpango ukisema ABC12 nawe ukaandika ABC012, kwako ni ndege ile ile. Kwa kompyuta ya chini wewe ni mgeni, na mlango haufunguki.

Hatua ya 2: Jisajili kwa kituo cha kuongoza ndege, kupitia kompyuta ya ndege, dakika 10 hadi 25 kabla ya kuingia anga yake. Andika herufi nne za kituo: kwa Atlantiki ya Kaskazini, EGGX ni Shanwick (upande wa mashariki), CZQX ni Gander (upande wa magharibi).

Hatua ya 3: Tulia. Kituo kinatuma "mkataba", ndege inaujibu yenyewe, rubani haulizwi. Upo wa vipindi, tuseme kila dakika 14. Upo wa tukio: umepita nukta ya njia, umehama njia, umeacha kimo. Na upo wa mara moja, mwongozaji akitaka kujua sasa hivi. Ripoti hubeba mahali, kimo, saa na alama ya usahihi, 0 hadi 7. Inaweza pia kubeba nukta mbili zinazofuata, na hapo ndipo ninapoipenda: ukikosea kuingiza njia, mwongozaji anaona kosa kabla hujageuka.

Hatua ya 4: HF bado inahitajika. Ita, pima SELCAL (mlio wa kukuita, ili usikae ukisikiliza redio muda wote).

MASWALI

Hii si ndiyo ADS-B?
Hapana. B inatangaza kwa kila mwenye sikio. C inaripoti kwa aliyefunga nayo mkataba tu.

Vituo vingapi kwa mpigo?
Kwa kawaida hadi vinne vya kuongoza ndege, na shirika lako juu yake. Ndiyo maana ukikaribia mpaka, jirani naye anakuona.

Nikikataliwa kila nikijaribu?
Kagua herufi zako kwanza. Zikiwa sawa, tatizo laweza kuwa chini. Tarehe 1 Juni 2009 Air France 447, ile iliyoanguka Atlantiki, ilijaribu kituo cha Dakar mara tatu ikakataliwa, kwa kuwa mpango wake haukuwemo kwenye mfumo wa huko. (Ajali yenyewe ilikuwa na sababu nyingine.) Rudi HF, ripoti kwa sauti.

Dharura je?
Ukituma MAYDAY kwa CPDLC (ujumbe wa maandishi kati ya rubani na mwongozaji), ADS-C inaingia hali ya dharura yenyewe. Wewe endelea kurusha ndege.