Somo: kupima mwenyewe safari ya ndege kutoka Entebbe

Wiki hii mmeniuliza tena: Entebbe hadi Nairobi ni mbali kiasi gani, na mbona tiketi yasema saa nzima na zaidi? Chukueni kalamu. Sisi tumebahatika kukaa juu ya ikweta, kwa hiyo hesabu ya darasa la saba inatosha.

1. Tafuta mahali kila uwanja ulipo kwenye ramani ya simu. Entebbe (EBB) ni latitudo 0.04 kaskazini, longitudo 32.44 mashariki. Jomo Kenyatta (NBO) ni 1.32 kusini, 36.93 mashariki.

2. Pata tofauti. Latitudo: mmoja uko kaskazini na mwingine kusini, kwa hiyo unajumlisha, hutoi. Wengi hukosea hapa. Ni nyuzi 1.36. Longitudo ni 4.49.

3. Zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili. Utapata kama 4.69.

4. Zidisha kwa 111, maana uzi mmoja huku kwetu ni karibu kilomita 111. Jibu: takriban kilomita 520. Rubani atakwambia maili 281 za baharini. Gawanya tu kilomita kwa 1.852.

5. Muda. Jeti hukata kama kilomita 800 kwa saa, basi hapo ni dakika 40. Ongeza nusu saa: ndege hutambaa kwanza hadi njia ya kurukia, hupanda polepole, hushuka polepole, hutafuta pa kuegesha. Saa ya tiketi huhesabu yote hayo. (Foleni ya Kampala hadi Entebbe, kilomita 40 tu, haimo. Hiyo mwombe Mungu.)

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, ndugu yangu aliondoka Entebbe saa 4 akafika Kigali saa 4 ileile. Inawezekana?*
Ndiyo. Ni kilomita 340 hivi, safari ya kama saa moja, na Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja.

*Na kwa ndege ndogo za uwanja wa Kajjansi kwenda mbuga ya Kidepo?*
Hizo za pangaboi moja gawanya kwa 300, si 800. Kama kilomita 410, basi karibu saa moja na nusu.

*Hesabu hii itanifikisha London?*
Haitakufikisha. Longitudo hukaribiana kuelekea ncha kama vipande vya chungwa; kwenye latitudo 60 uzi mmoja umebaki nusu. Tumia kikokotoo cha mtandaoni.

*Tiketi yangu ni tarehe 12, 03:40. Niondoke Jinja asubuhi ya tarehe 12?*
La, nyabo! Hiyo ni saa tisa na dakika arobaini usiku. Ondoka tarehe 11 mchana, ule chakula cha jioni Entebbe.