Kuomba digrii ya kwanza Hispania kwa cheti cha Kidato cha Sita

Wengi wanaonitafuta huanza na swali la chuo kipi. Chuo kinaweza kusubiri. Kinachokula miezi ni karatasi za shule, na Mtanzania anabanwa pia na kalenda: mtihani wa Kidato cha Sita ni Mei, matokeo Julai, wakati maombi ya vyuo vya umma Hispania hupokelewa Juni hadi mapema Julai. Panga kuingia Septemba ya mwaka unaofuata. Mwaka huo wa katikati ni wa kujifunza Kihispania.

Hatua ya 1: Homologación
Hapa wizara ya elimu ya Hispania inatambua kwamba cheti chako ni sawa na Bachillerato yao, inayomalizika baada ya miaka 12 ya shule. Kidato cha Nne chetu ni mwaka wa 11, hakitoshi. Peleka cheti cha Kidato cha Sita na rekodi za maendeleo ya shule. Kwanza vithibitishwe Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Hispania Dar es Salaam. (Mrundi ana nafuu: nchi yake imo kwenye mkataba wa The Hague wa kutambuliana hati, hivyo apostille, yaani muhuri mmoja unaokubalika katika nchi za mkataba huo, inamtosha.) Mwisho ndipo uende kwa mfasiri wa kiapo anayetambuliwa na Hispania. Ukitafsiri kabla ya mihuri, mihuri yenyewe itabaki bila tafsiri na utalipa mara mbili.

Jibu huchelewa. Ukishawasilisha maombi, chukua volante, karatasi inayokuruhusu kuomba chuo na kujiandikisha kwa masharti huku ukisubiri.

Hatua ya 2: Mitihani ya PCE
Hii ni mitihani ya masomo ya kuingilia chuo kwa waliosoma nje ya Hispania. Inasimamiwa na UNED, chuo kikuu cha masafa. Usiidharau. Alama za kuingilia vyuo vya umma hufika 14, na bila PCE utabaki chini kabisa ya foleni. Somo ulilopata 5 au zaidi huzidishwa kwa 0.1 au 0.2 kulingana na kozi, basi tazama jedwali la kozi yako kabla ya kuchagua masomo. Anayetaka udaktari achukue Biolojia na Kemia, na ajue kwamba vyuo vya umma kwa kawaida hudai zaidi ya 12. Division one ya PCB peke yake haitamfikisha huko.

Lugha: vyuo vingine huridhika na Kihispania cha B1, ngazi ya kati, mimi nashauri B2, ngazi ya juu yake, kwa mtihani wa Kihispania wa DELE. Cheti hicho hakiishi muda.

Hatua ya 3: Preinscripción
Haya ndiyo maombi ya nafasi ya chuo. Kwa kawaida unaomba kwa jimbo. Madrid, fomu moja inahudumia vyuo vyote sita vya umma. Andalusia nayo ina mfumo wake. Panga kozi kwa jinsi unavyozitaka kweli. Vyuo binafsi vina taratibu zao.

Hatua ya 4: Viza
Barua ya chuo, bima ya afya, na ushahidi wa fedha: kwa kiwango cha 2025, euro 600 kwa kila mwezi wa masomo. Ukifika, una mwezi mmoja wa kuomba kadi ya ukaazi, TIE, polisi. Miadi hujaa, ikamate wiki ya kwanza.