Kujiandaa kwa Wizi Kabla ya Kusafiri Peke Yako Ugenini: Mambo ya Kuzingatia

Anayesafiri na wenzake akiibiwa huazima simu, hukopeshwa fedha ya kulala, na hupata mtu wa kumsindikiza polisi. Msafiri wa peke yake hana hata kimoja kati ya hivyo, na ndiyo maana maandalizi yake hayapaswi kuishia kwenye kufuli na mkoba wa kuficha kiunoni. Kabla hajafunga begi lake la mgongoni, na ajiulize: nikibakiwa na nguo nilizovaa tu, katika mji nisimojua mtu, nitapataje fedha, nitajitambulishaje, na nitamfikiaje mtu wa kunisaidia?

Wengi huanza na pasipoti. Kwa maoni yangu, simu ndiyo inayostahili kutangulia, kwa sababu siku hizi hubeba tiketi, ramani, huduma za benki na namba za watu wote, na zaidi ya hayo ndiyo inayopokea msimbo wa uthibitisho kila mwenye akaunti anapojaribu kuingia kwa kifaa kigeni. Aliyeibiwa simu hukimbilia kompyuta ya hosteli ili aifunge kwa mbali, kumbe huenda akatakiwa kwanza aandike msimbo ambao umetumwa kwenye simu hiyo hiyo iliyo mikononi mwa mwizi. Kinga yake ni misimbo ya akiba, yaani ile inayoandikwa badala ya msimbo unaotumwa kwenye simu, ambayo huduma nyingi huruhusu mtu aichapishe mapema. Google, kwa mfano, hutoa misimbo 10, na kila mmoja hutumika mara moja tu. Karatasi hiyo ikae mbali na simu, na nywila isiandikwe juu yake. Hata hivyo, kuwa na karatasi si sawa na kujua kwamba inafanya kazi, hivyo ni vyema msafiri, akiwa bado nyumbani, azime simu yake, akae kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na aone kama ataifikia barua pepe yake. Jaribio hilo huchukua muda mfupi, na hufichua mapengo ambayo hakuna orodha ingeyaonyesha.

Laini ya simu nayo iwekewe namba yake ya siri, la sivyo mwizi ataihamishia kwenye simu nyingine na kuanza kupokea misimbo yeye. Namba ya utambulisho ya kifaa, yenye tarakimu 15, hupatikana kwa kubonyeza *#06#. Iandikwe pembeni, kwa kuwa polisi na kampuni ya simu huweza kuiulizia. Namba za watu wawili zikaririwe kichwani kama zamani.

Kuhusu fedha, kadi mbili za akaunti tofauti zinatosha, mradi zisikae mahali pamoja. Siku ya hatari ni siku ya kuhama mji, kwa kuwa mali yote huwa njiani kwa wakati mmoja. Siku hiyo kadi ya pili na noti chache zikae mwilini, si kwenye begi lililowekwa chini ya basi. Namba ya benki inayopigwa bure nchini mara nyingi haipatikani kutoka nje, kwa hiyo iandikwe ile yenye msimbo wa nchi.

Pasipoti ina jambo moja lisilofahamika vya kutosha. Ikisharipotiwa kuibiwa hufutwa, na taarifa zake huweza kuingizwa katika hifadhidata ya Interpol ya hati za kusafiria zilizoibiwa au kupotea, iliyoanzishwa mwaka 2002. Hata ikiokotwa kesho yake, anayejaribu kuvuka nayo mpaka anaweza kuzuiwa. Hati ya dharura inayotolewa badala yake kwa kawaida ni ya safari moja, na si kila nchi huipokea. Viza na muhuri wa kuingilia vilivyokuwa ndani navyo huwa vimepotea, kwa hiyo nakala ya kurasa hizo, pamoja na picha mbili za pasipoti, ina thamani kuliko nakala ya ukurasa wa jina peke yake. Msafiri ajue mapema kama nchi yake ina ubalozi huko aendako, na kama haina, ni ubalozi upi wa jirani unaoihudumia.

Bima isomwe kabla ya kulipiwa. Mikataba mingi hudai ripoti ya polisi, mara nyingi ndani ya saa 24, hukataa kufidia kilichoachwa bila mwangalizi, na huweka kikomo kwa kila kifaa, pengine chini ya bei ya kamera yenyewe. Stakabadhi za vitu vya thamani zipigwe picha, na vitu vyote vitandazwe na kupigwa picha moja kabla ya kufungashwa. Kisha picha hizo zitumwe kwa mtu aliyebaki nyumbani, maana zikiwa ndani ya simu pekee zitaondoka pamoja nayo.